Nahau si Pambo: Kilio Kilichozikwa Ndani ya Msemo wa Kiingereza

Yapo maradhi yanayozisibu kalamu nyingi za Kiswahili, nayo ni kuokota nahau za Kiingereza kama watoto waokotavyo makombe ufukweni. Mtoto hulitia kombe mfukoni kwa kuwa linang'aa. Hajiulizi ni kiumbe gani aliyekaa ndani yake, wala aliondoka vipi. Mtoto hana lawama, kwani ndio kwanza anaijua pwani. Lakini mfasiri, mwalimu na mtunzi, ambao kazi yao ni maneno, hawana udhuru huo. Mwenye kuuza dhahabu na asijue karati zake ni mlaghai hata kama hakukusudia kulaghai.

Mfano mmoja unatosha kuonesha ukubwa wa jambo hili. Katika Kiingereza upo msemo wa kawaida mno, "to sell someone down the river". Maana yake ya leo ni kumsaliti mtu aliyekuamini, na hasa kumsaliti kwa ajili ya faida. Kiongozi wa wafanyakazi akipatana kwa siri na mwajiri, mwanasiasa akiwageuka waliompigia kura, mshirika akitia saini mkataba unaomfilisi mwenzake, wote hao huambiwa wamewauza wenzao kwa namna hiyo ya mto. Kamusi nyingi hutoa neno moja, saliti, kisha hupita njia yake. Mwanafunzi wa skuli huliandika katika daftari, hulikariri, na hufaulu mtihani. Hapajatajwa mto gani, hapajatajwa aliyeuzwa, wala hapajatajwa bei.

Kosa la kwanza ni la lugha, na hilo ni jepesi kuliona. Wapo wanaoamini kwamba nahau huvushwa kutoka lugha moja hadi nyingine neno kwa neno, kama magunia yanayopakuliwa jahazini. Kwa imani hiyo hupatikana sentensi ya kuchekesha: fulani "ameuzwa chini ya mto". Msomaji wa Unguja au Pemba, akiisoma sentensi hiyo, ana haki ya kuuliza ni mto upi. Kwani katika Kiswahili mto ni ule unaotiririka, kama Mwera, na mto pia ni ule wa kulalia kichwa. Aliyeuzwa chini ya mto huenda akadhaniwa ameuzwa pamoja na pochi iliyofichwa kitandani. Na hata akielewa kwamba unaokusudiwa ni mto wa maji, bado "chini ya mto" kwake ni kwenye matope na mawe ya kitako cha mto, wala si kule maji yanakoelekea. Kwa hivyo maneno yamevuka, maana imezama.

Hata hivyo, lau kosa lingekuwa ni hilo pekee, lingestahiki kicheko tu. Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni la kuchukua maneno yaliyotoka katika vinywa vya watu waliokuwa wakiuzwa kweli, kwa fedha taslimu, na kuyafanya pambo la makala za siasa na mpira.

Mto wenyewe una jina. Ni Mississippi, pamoja na Ohio unaomwaga maji yake humo. Mito hiyo miwili iliyagawa maisha ya mamia ya maelfu ya watu weusi wa Marekani sehemu mbili: kabla ya kuuzwa na baada ya kuuzwa. Ili msemo ueleweke, hapana budi kueleza kwa nini kuteremka na mto kulikuwa kubaya kuliko kubakia utumwani pale pale.

Mwishoni mwa karne ya 18, majimbo ya kaskazini ya ukanda wa utumwa, hasa Virginia na Maryland, yalikuwa na ardhi iliyochoka kwa kilimo cha tumbaku, na wamiliki wake walikuwa na watumwa wengi kuliko kazi waliyokuwa nayo. Mnamo 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nzima ikawa ya muda mfupi, na pamba ikawa mali ya kukimbiliwa. Mnamo 1803 Marekani ilinunua Louisiana kutoka Ufaransa, na bonde lote la Mississippi likawa mikononi mwake. Kuanzia 1 Januari 1808 sheria ikapiga marufuku kuingiza watumwa wapya kutoka ng'ambo. Mambo hayo yalipokutana, matokeo yake yalikuwa ni biashara mpya: kusini kulihitaji mikono, bahari ilikuwa imefungwa kisheria, na kaskazini mwa ukanda ule palikuwa na watu wa kuuzwa. Mwafrika aliyezaliwa Marekani akawa bidhaa ya Marekani kwa Marekani.

Wanahistoria hukadiria kwamba, kutoka mwisho wa karne ya 18 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861, watu wapatao milioni 1 walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya juu kwenda Alabama, Mississippi, Louisiana na majimbo jirani. Baadhi walichukuliwa na mabwana wao waliokuwa wakihama, na wengi mno waliuzwa kwa wafanyabiashara. Meli ya kwanza ya mvuke iliteremka katika mito hiyo hadi New Orleans katika safari ya 1811 na 1812, na baada yake meli zikawa nyingi. Louisville na St. Louis zikawa miji ya kupakia, Natchez na New Orleans zikawa miji ya kuteremshia. New Orleans ikawa soko kubwa la watu kuliko miji yote ya nchi ile.

Wala isidhaniwe kwamba wote walikwenda kwa maji ya mto. Wengi walitembezwa kwa miguu kwa wiki kadhaa, wanaume wakiwa wamefungwa minyororo wawili wawili. Wengine walipakiwa katika majahazi makubwa ya baharini kutoka pwani ya Virginia, wakazungushwa rasi ya Florida hadi New Orleans. Kampuni ya Franklin na Armfield, iliyoanza kazi mjini Alexandria mnamo 1828, ilitumia njia hizo zote mbili. Lakini kwa watu wa Kentucky na Missouri mto ndio uliokuwa ukionekana kila siku, ukipita mbele ya macho yao, ukielekea upande ule ule mmoja. Mto haurudi nyuma. Ndiyo maana jina la hofu yao likawa mto.

Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mashamba ya pamba yalikuwa na kazi ya kupimwa kwa uzani kila jioni, na aliyepungukiwa alipigwa. Mashamba ya miwa ya Louisiana yalikuwa mabaya zaidi, kwani msimu wa kusaga miwa uliwaua watu kwa kazi za usiku na mchana. Lakini zaidi ya kazi ilikuwa ni utengano. Mume wa Kentucky akiuzwa, mke hubakia. Mama akiuzwa, mtoto hubakia, au mtoto huuzwa na mama akabakia akiusikiliza mluzi wa meli. Baada ya utumwa kufutwa nchini humo mnamo 1865, watu waliokuwa huru walitia matangazo magazetini wakiwatafuta mama, kaka na watoto waliouzwa miaka 20 au 30 nyuma. Matangazo hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa. Mtu mzima mwenye mvi alikuwa akieleza jina la bwana wake wa zamani na jina la mfanyabiashara aliyemchukua mama yake, akitumai kwamba yupo mtu mahali fulani atakayelitambua jina hilo. Hao ndio wenye msemo.

Sasa itazamwe kwa nini msemo huu ukaja kuwa na maana ya usaliti, badala ya kuwa na maana ya adhabu au msiba tu. Siri yake imo katika mahusiano. Bwana wa Kentucky au Virginia alipenda kujiita baba wa nyumba nzima, watumwa wakiwamo. Aliwaahidi kwamba hawatauzwa. Aliwaambia kuwa utumwa wake ni wa huruma, si kama wa kule kusini. Kisha akafilisika, au akafa na warithi wakagombana, au akahitaji fedha za kumwoza binti yake, na siku hiyo huruma yote ikaisha. Mtu aliyemlea mtoto wa bwana kifuani mwake alikuta jina lake katika hati ya mauzo. Hapo ndipo msemo ulipopata sumu yake: anayekuuza si adui, ni yule aliyekuwa akikwambia kwamba wewe ni wa nyumbani.

Waandishi wa Marekani waliijua sumu hiyo. Harriet Beecher Stowe, katika riwaya yake ya 1852 kuhusu kibanda cha Mjomba Tom, alimfanya bwana mwema wa Kentucky awe ndiye muuzaji. Bwana Shelby hakuwa katili, alikuwa na madeni, na madeni yalitosha. Mark Twain, aliyekulia Hannibal kando ya Mississippi na akawa rubani wa meli za mto huo kabla ya vita, alirudi katika hofu hiyo mara mbili. Katika riwaya yake ya Huckleberry Finn, iliyotoka mwisho wa 1884, Jim anatoroka kwa sababu amesikia kwamba bibi yake, aliyeahidi kutomuuza, ameahidiwa dola 800 akimuuza New Orleans. Na katika riwaya ya Pudd'nhead Wilson ya 1894, mto umekuwa uti wa kisa chote. Mjakazi Roxana anashuhudia bwana wake akiwatishia watumwa wa nyumba kuwateremsha na mto kwa sababu ya wizi wa vijisenti, nao wanaanguka miguuni pake kumshukuru kwa kuwauza hapo hapo mjini. Usiku huo Roxana anamtazama mwanawe mchanga na kuona kwamba neno moja tu la bwana linaweza kumteremsha na yeye. Anambadilisha na mtoto wa bwana. Miaka inapita, na mwana huyo huyo aliyeokolewa, akiwa amelemewa na madeni ya kamari, anamuuza mama yake mto chini, baada ya kumwahidi kuwa atamuuza kwa upole na kwa muda. Khatima ya kitabu, mwana naye anauzwa kwa njia ile ile. Ambaye hajui mto una maana gani, atakisoma kitabu kile kama hadithi ya mzaha.

Ilichukua hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwa Kiingereza kuufanya msemo huu kuwa wa usaliti wowote ule, mkubwa kwa mdogo. Watu waliouzwa walikuwa wamekufa au wanazeeka, na waliokuwa wakiutumia msemo hawakuwa watoto wao. Hivyo ndivyo nahau nyingi zinavyozaliwa: mwenye kidonda anafariki, kilio chake kinabakia kinatumika kama kibwagizo.

Hapa watasimama wapinzani, na ni haki wasikilizwe. Wa kwanza atasema kwamba maneno yote husahau asili yake, na kwamba lugha isiyosahau haisemeki. Kauli hiyo ni kweli nusu. Hapana anayedai kwamba kila asemaye asimame na kusoma historia kabla ya kufungua kinywa. Mtu wa sokoni ana ruhusa ya kusahau. Lakini mwandishi hana ruhusa hiyo, kwa sababu yeye huchagua. Anayechagua neno huku hajui limetoka wapi hajachagua kitu, amechaguliwa na mazoea ya wengine.

Wa pili atasema kwamba Kiswahili kimekua kwa kukopa, kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na kwamba kukataa nahau ya kigeni ni ubahili wa fikra. Jibu lake ni kwamba kukopa hufuata haja. Meza ilikuja na jina lake kwa kuwa meza yenyewe ilikuja. Je, usaliti nao ulingoja meli kutoka Uingereza? Kiswahili kina kusaliti, kina khiyana, kina kumgeuka mtu, na wahenga walikwisha kusema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Tena kina kitenzi kilicho kifupi na kikali kuliko nahau yote ya Kiingereza: kuuza. Msikilizaji wa pwani akiambiwa "ametuuza", hahitaji kuongezewa mto wala bahari. Katika mji ambao soko la watu lilikuwa wazi hadi Sultan Barghash alipolifunga kwa mkataba wa Juni 1873, na ambapo kanisa la Mkunazini lilijengwa juu ya uwanja wa soko hilo, kitenzi kuuza kinapowekwa mbele ya mtu hubeba uzito wake chenyewe.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito zaidi. Atasema: basi jambo hili ni la Wamarekani, na Mswahili kuwatolea darsa watu wa Kentucky ni kuona kibanzi cha jirani. Hoja hiyo ingeshinda kama pwani ingekuwa safi. Haiko safi. Neno muungwana, ambalo hakuna diwani ya Kiswahili isiyolisifu, asili yake ni mtu huru, asiye mtumwa. Uungwana ulikuwa daraja kabla haujawa tabia. Aliyekuwa akiitwa muungwana alikuwa akipimwa kwa kulinganishwa na mtu aliyekuwa amesimama karibu naye, akiwa amebeba mzigo wake. Leo husemwa kwamba muungwana ni vitendo, na ni vyema isemwe hivyo, kwa kuwa msemo huo umelitoa neno katika nasaba na kulitia katika mwenendo. Lakini anayelitumia na asijue lilikotoka hajui pia kwamba lilikombolewa. Na neno mshenzi, linalotupwa leo katika ugomvi wa barabarani, lilikuwa jina walilobandikwa watu wa bara, na wengi katika waliobandikwa ndio hao hao waliopitishwa masokoni. Tusi hilo bado linatembea mitaani na minyororo yake, nalo halijakombolewa na mtu.

Kwa hivyo hoja ya tatu, badala ya kulifunga jambo, inalifungua. Anayejifunza kuusikiliza mto wa Mississippi ndani ya msemo wa Kiingereza hujifunza pia kuisikiliza Bahari ya Hindi ndani ya maneno yake mwenyewe. Na hapa inafaa tahadhari moja, kwani kuna upande wa pili wa maradhi haya. Wapo wanaopenda asili za maneno kiasi cha kuzibuni. Jina la Bagamoyo huelezwa na wengi kuwa ni kilio cha watumwa waliokuwa wakibwaga mioyo yao kabla ya kuvushwa bahari, na wengine huliona kuwa ni pumzi ya wapagazi waliokuwa wakitua mizigo baada ya safari ya bara. Mwenye kuipenda haki hachagui kisa kwa sababu kinaliza zaidi. Utumwa uliokuwapo unatosha, hauhitaji kuongezewa chumvi. Msemo wa mto una ushahidi wake katika masoko, hati, meli na vitabu. Ushahidi huo ndio unaoupa haki ya kusikilizwa.

Basi yanayotakiwa si mengi. Mfasiri anayekutana na msemo huu katika hotuba ya siasa aandike kwa Kiswahili chake: amewasaliti, amewauza, amewageuka. Auache mto mahali pake, kwa kuwa hapo hauna kazi. Lakini akikutana nao katika kitabu cha Twain au cha Stowe, au katika simulizi ya Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa Washington mnamo 1841 na kuuzwa New Orleans, akakaa utumwani miaka 12, hapo asithubutu kuandika saliti. Hapo aandike kwamba mtu ameuzwa na kupelekwa kusini, kwenye pamba na miwa. Neno moja la Kiingereza linahitaji tafsiri mbili, na anayezichanganya amekosa zote mbili.

Mwalimu naye asimpe mwanafunzi orodha ya nahau 50 na maana zake upande wa kulia, kama orodha ya bei za duka. Ampe 10, na kila moja iwe na mwenyewe, mahali pake na mwaka wake. Mwanafunzi atakayejua kwa nini mtumwa wa Kentucky aliuogopa mto hatausahau msemo ule maisha yake, na hata mtihani utamwia mwepesi. Na mtunzi wa mashairi, ambaye kazi yake ni kuyapima maneno kwa mizani kali kuliko ya sonara, ajiulize kabla hajailaza nahau ya kigeni katika kina chake: je, neno hili limeingia hapa kwa kuwa lina kitu, au kwa kuwa lina vina?

Ushairi wa pwani hii ulijengwa na watu waliojua kwamba neno ni amana. Amana hairudishwi ikiwa imepungua. Msemo wa wale waliouzwa ni amana ya watu waliokufa wakiwa hawana kaburi lenye jina, na mara nyingine hawana hata jina walilochagua wenyewe. Kitu walichokiacha katika Kiingereza ni maneno machache tu, ya mtu anayeonesha kwa kidole maji yanakoelekea. Anayeyachukua maneno hayo ili kulalamikia mchezaji aliyehama timu anawauza mara ya pili, na safari hii hapana hata anayelipwa.